Sahani ya Maharagwe Mchana wa Ramadhani

Riziki aliniita mara tatu. Mara ya kwanza aliniita vile alivyoniita kila siku, "Da Meju!", sauti ya mtu anayetaka umshikie ncha ya shuka mkunje pamoja. Mara ya pili alisema, "Da Meju, fungua." Mara ya tatu ilikuwa jina tu, halafu kikohozi. Mimi nilikuwa upande wa nje, mkono wa kulia una mchuzi wa maharagwe, na mlango wa chuma mbele yangu umepigwa kufuli. Juu yetu paa la makuti lilikuwa linaungua kwa kishindo cha mvua kubwa. Nililishika lile kufuli kwa mikono miwili nikalivuta, nikalivuta tena, na sikujua kwamba linaniunguza mpaka nilipojaribu kuliachia likakataa kuachana na ngozi yangu. Mwende, mwenzangu wa kazi, alikuwa kando yangu akiupiga mlango kwa kiti cha mbao mpaka kiti kikabaki mguu mmoja mkononi mwake. Bi Mishi, ambaye naye alikuwa mle ndani, sikumsikia hata mara moja. Watu wa bustani walipofika na mtaimbo wakaing'oa tumbuu ya mlango, ile pete ya chuma inayoshika kufuli, paa lilikuwa limeshashuka.

Naitwa Mejumaa. Shule niliiacha darasa la tano, na siku hizi napika mahamri Kombani, pale wanaposhukia watu wa kwenda Kwale. Kila alfajiri nikikanda unga, unga huingia katika kovu la kiganja cha kulia, mstari uliopinda kama ndoana, na hunibidi niusugue kwa kijiti. Huo ni mkono wa lile kufuli. Watu wengi wameniuliza kovu hili nimelipata wapi, nami nimewajibu sufuria. Mwaka huu, katika hitma ya Riziki na Bi Mishi kule Msambweni, nimemsikia mtu akisimulia kifo chao kwa sauti tamu mpaka wanawake wakalia, na hakuna neno la kweli katika yale aliyosema. Ndiyo maana naandika. Nikikosea herufi mtanisamehe. Nisiposema kweli, hilo msinisamehe.

Mwaka ule Ramadhani iliangukia katikati ya msimu wa wageni, karibu na Krismasi, wakati Diani huna pa kuweka mguu. Hoteli yenyewe siitaji, imeshauzwa na kuitwa jina jingine, na walioko sasa hawana hatia. Tulikuwa wanawake wanne katika chumba cha kufulia, sisi tulikiita londri. Kilikuwa nyuma kabisa, baada ya jiko, mahali ambapo mgeni hafiki, lakini nacho kiliezekwa makuti, ati hoteli nzima ifanane. Madirisha yalikuwa juu, madogo, yametiwa nondo. Upande mmoja mashine za kufulia, upande mwingine meza ndefu ya pasi, na kati yao ile mashine kubwa ya kukaushia, yenye bomba lililopanda ukutani na kutokea chini ya paa. Bomba lile lilitema nyuzi za taulo mchana kutwa. Zilikuwa laini kama pamba, zikaganda kwenye makuti mpaka ukitazama juu ungedhani paa limeota mvi. Bi Mishi alikuwa hachoki kulisema. "Hamisi, mwanangu, bomba lile linatema pamba kwenye makuti, na joto lake walijua mwenyewe." Na Hamisi naye alikuwa hachoki kujibu. "Nitamwambia fundi, bibi."

Huyo ni Hamisi Mwatsuma, msimamizi wetu. Namtaja jina lake lote. Hakuwa mtu wa bara aliyekuja kutuonea. Alikuwa mtu wetu, wa huku huku, anaswali, anajua kumwamkia mkubwa. Bi Mishi alikuwa mkubwa wetu sote, mwanamke wa makamo mwenye mikono mipana, anayeweza kukueleza mgeni alivyo bila kumwona. "Huyu wa chumba cha ishirini hapati usingizi," angesema akilinyoosha shuka, "tazama alivyolisokota. Na huyu hapa kalala sakafuni, shuka limerudi kama lilivyokwenda. Mkewe kamkasirikia." Riziki alikuwa mdogo wetu, mwari aliyeposwa, arusi yake baada ya Idi. Hakuwa hodari wa kukunja. Bi Mishi alimtania asubuhi mpaka jioni: "Shuka hili huwezi kulikutanisha pembe, mume utamweza?" Na Riziki, bila kuinua kichwa: "Mume hana pembe, bibi." Tulicheka mpaka Mwende akaizima pasi ili asiunguze foronya. Mwende alitoka Kitui, Mkristo, mnene, sauti kubwa, na nikisema alikuwa rafiki yangu nitakuwa najipendelea, kwa sababu nyote mtaona nilivyomlipa.

Kufuli lilikuja wiki ya kwanza ya mfungo. Taulo za bwawani zilikuwa zinapotea, na meneja wetu, Bwana Wafula, alikuwa amemtolea Hamisi maneno mbele ya watu. Siku nyingine za mwaka, saa saba sote tulitoka kwenda kula na chumba kikafungwa kitupu. Ramadhani ilileta shida yake: wenye saumu hatuendi kula, na Hamisi hakutaka kukaa mlangoni kutulinda. Basi akaja amevaa kanzu yake, anakwenda msikitini kwa swala ya adhuhuri.

"Shikamoo, Bi Mishi. Shikamoo sana. Habari za saumu?"

"Marahaba. Shikamoo ikirefuka hivyo najua imebeba jambo."

Akacheka, akalisema jambo lenyewe. Mwende atoke akale. Sisi watatu tubaki tukipiga pasi, yeye atie kufuli kwa nje, aende akaswali, arudi baada ya saa moja. Tukikubali, atatuachia saa tisa badala ya saa kumi na moja, tuwahi kwenda kupika futari. Asiyefahamu huku kwetu hawezi kujua saa tisa ile ilikuwa na utamu gani. Kutoka Diani mpaka Msambweni, uingie nyumbani jua bado lipo, ukune nazi, ubandike uji, uwapikie watu mihogo na wewe mwenyewe uketi kwenye jamvi adhana ikikukuta umeoga! Siku nyingine zote tulikuwa tunafuturu kwa tende na maji njiani.

"Na mtu akishikwa na haja?" Bi Mishi aliuliza.

"Tumbo tupu lina haja gani ya saa moja, bibi?"

Tulicheka. Hilo ndilo linalonila mpaka leo: tulicheka, na Bi Mishi akasema haya, na mimi nikasema haya, na Riziki ambaye alitaka kuwahi kwa ajili ya fundi wa nguo zake za arusi akasema haya kuliko sote. Mwende peke yake alinuna. "Nyinyi mnafungiwa kama kuku na mnasema asante?" Nikamwambia asiingilie mambo asiyoyajua.

Kumi la pili la mwezi nikaingia katika siku zangu. Dini yetu imelimaliza jambo hili: mwenye hedhi hafungi, na siku hizo atazilipa baadaye. Hakuna dhambi wala deni la aibu. Lakini kuonekana unakula, hilo ni jambo jingine, na wanawake wa kwetu tulilelewa tufe na kiu kuliko kuonekana tunatafuna mchana wa mfungo. Siku ya kwanza nilibaki ndani na wenzangu, nimekauka midomo, na saa sita nikaenda kwenye mfereji wa mashine za kufulia nikanywa maji nimewapa watu mgongo. Nilidhani hakuna aliyeniona. Wote walikuwa wameniona.

Siku ya pili, saa saba kasoro, Mwende alifungua aproni yake akaja akasimama mbele yangu.

"Meju, kuja tukule."

"Mimi nimefunga."

"Umefunga gani? Jana ulikunywa maji ukiangalia ukuta kama mtu ameiba. Kuja. Leo kuna maharagwe. Nitakaa mbele yako, vile niko mnene hakuna mtu atakuona."

"Watu watasema."

Bi Mishi alikuwa anapiga pasi kitambaa cha meza, hakuinua macho. "Watu watasema hata ukizimia hapa. Nenda, mwanangu. Aliyekuruhusu ni Mola. Hawa wengine wanakutazama tu."

Na Riziki, shetani yule, akacheka. "Ukirudi, Da Meju, usinipulizie pumzi yako. Maharagwe nayapenda."

Nikachukua rundo la vitambaa vya meza, nijifanye navipeleka jikoni. Mlangoni nikakutana na Hamisi, kanzu nyeupe, kofia ya kushonwa kwa mkono, ufunguo kidoleni. "Waenda wapi wewe?" Nikamwonyesha vitambaa. Akanipisha. Nilikuwa sijafika hatua tano nikalisikia kufuli linabana, nikageuka, nikamwona anaudumbukiza ufunguo katika mfuko wa kanzu. Nililiona hilo kwa macho yangu haya. Mwende naye aliliona.

Banda la kulia wafanyakazi lilikuwa na mabenchi marefu na meza zenye mafuta. Mwende aliketi kama alivyoahidi, mgongo wake kwa watu, mimi nimejibanza kati yake na ukuta. Sima ilikuwa ya moto, maharagwe yametiwa nazi kidogo, na mtu wa jikoni, maskini, hakuniuliza kitu. Nilikula kwa woga, tonge ndogo ndogo, na kila tonge ikishuka nilisikia nguvu zinarudi magotini. Mwende alikuwa ananisimulia habari ya mbuzi wa kwao aliyekula kitambulisho cha babake. Sijamaliza kucheka, mtu akapiga kelele nje: londri inaungua.

Yaliyofuata nimeshayasema. Nitaongeza moja. Mtaimbo ulipoing'oa tumbuu, kufuli lilianguka mchangani, bado limebana. Watu wote walikuwa wanatazama ndani. Hamisi alikuwa amefika mbio kutoka msikitini, anahema, akasimama karibu nami. Akavua kofia. Nilidhani ameivua kwa huzuni. Akainama, akaliokota kufuli kwa ile kofia, maana lilikuwa la moto, akalikunja ndani yake na kulitia mfukoni pamoja na ufunguo.

Siku tatu baadaye nikaitwa katika ofisi ya Bwana Wafula. Chumba kile kilikuwa na baridi ya mashine, na mikono yangu imefungwa bandeji mpaka viwiko, sikuweza hata kujifunika leso vizuri. Kabla sijaingia Hamisi alinishika pembeni kwa upole, kama kaka.

"Dada yangu, watakuuliza ulikuwa wapi saa saba. Utasemaje? Utasema ulikuwa unakula? Wenzako wamekufa na saumu zao, wewe ulikuwa unatafuna mchana wa Ramadhani? Utamweleza nani habari za siku zako, Wafula? Atakayeandika ni mwanamume. Atakayesoma ni mwanamume. Habari itafika Msambweni kabla yako."

Nikajaribu kuivuta leso kwa kiwiko, ikateleza.

"Sema ulikwenda chooni, hukuona kitu. Mimi nitakusitiri. Nao marehemu tuwasitiri vilevile. Walijifungia komeo kwa ndani wapate kuswali. Mama yake Riziki atapata la kumliwaza."

Nikaingia nikasema nilikuwa chooni. Wafula akaandika. Akaniuliza, huyu Mwende anasema mlango ulikuwa na kufuli kwa nje, na anasema nikuulize wewe. Nilimtazama Mwende, alikuwa amesimama karibu na mlango, mikono nyuma kama mtoto wa shule. Nikasema, "Mimi sikuona kufuli." Na viganja vyangu ndani ya bandeji vinawaka. Wafula aliziona bandeji. Hakuuliza. Ilimfaa asiulize, kwa maana nondo za madirisha yeye ndiye aliyeziamuru. Mwende akafukuzwa kabla ya wageni wa Krismasi kuondoka, ati mtu wa bara mchonganishi. Alipita karibu nami na mfuko wake wa nguo. Hakunitukana. Alisema, "Angalau ulikula," basi.

Mimi sikurudi hotelini. Nilianza mahamri kwa sababu mikono ilipopona, kitu pekee ilichoweza kufanya bila kuuma ni kukanda. Nimeolewa, nimepata mabinti watatu, wa kwanza anaitwa Riziki. Na kila nikiyahesabu hayo najikuta nimerudi kwenye lile benchi. Watu husimulia maisha yao kwa mambo makubwa, arusi, safari, misiba. Yangu yalipinda kwa sababu mwanamke mnene alisema kuja tukule, na mwanamke mwingine hakuinua macho kutoka kwenye pasi akasema nenda. Wangenyamaza wote wawili ningebaki, kwa sababu mimi nilishaamua kubaki. Nashukuru. Najua shukrani haikai vizuri katika mdomo wenye nyongo, lakini ninayo, na sina njia ya kuitenganisha na hasira. Nyumbani kwangu mwenye siku zake anakula barazani, mchana, sahani juu ya meza, na jirani akipita binti yangu anamkaribisha. Wamenisema sana. Waseme.

Lakini shukrani niliyoilipa kwa mabinti zangu sikuwalipa walioninusuru. Kila Shaabani mama yake Riziki huwafanyia hitma marehemu wote wawili, na kila Shaabani mimi hukaa uani nakoroga pilau. Hamisi naye huja. Siku hizi ni Alhaji Hamisi, ana nyumba za kupangisha Ukunda, akiingia watu wanampisha. Mwaka wa kwanza alisema walijifungia wapate kuswali. Baada ya miaka michache wakawa wamekutwa wamesujudu. Mwaka huu, nikiwa uani na mwiko mkononi, nikamsikia kupitia dirishani akisema uso wa Riziki ulikutwa unang'aa, na kwamba yeye mwenyewe alimfunika kwa kofia yake. Kofia yake! Wanawake wakasema Allahu Akbar. Mama yake Riziki akalia kwa furaha. Pilau ikashika chini, nami nimesimama naitazama.

Kesho yake nikaenda Kikoneni. Nilikuwa nimesikia miaka mingi kwamba Mwende ameolewa huko, analima. Nilimkuta anachambua kunde mlangoni pake, mvi tupu, bado mnene. Nilikuwa nimejipangia maneno njia nzima. Nikasema, "Mwende, nimekuja..." na nikashindwa.

Aliuweka ungo wa kunde chini. "Umekuja kula tena?"

Nikalia pale pale chini. Hakunibembeleza. Aliniacha nikamaliza, akaingia ndani akatoka na sahani ya maharagwe na sima, akaiweka mapajani mwangu. "Mimi nilikasirika miaka kumi," alisema. "Halafu nikachoka. Lakini wale wamama wawili hawajachoka, Meju. Wale bado wako ndani."

Wiki hiyo hiyo nikaenda kwa mama yake Riziki. Nilijua nakwenda kumnyang'anya kitu. Miaka yote hii ameishi na binti aliyekufa amesujudu, na mimi ninampelekea binti aliyekufa akigonga mlango. Nilimwambia yote, siku zangu, maharagwe, kufuli, kofia. Alikuwa anashona makuti, hakuusimamisha mkono mpaka nilipofika kwenye sauti ya mwanawe.

"Aliita?"

"Aliita, mama."

"Alimwita nani?"

"Mimi."

Akaliweka kuti chini. Nilingoja anifukuze. Akakishika kiganja changu cha kulia, akaupitia ule mstari uliopinda kwa kidole gumba, taratibu, kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Hamisi nimempikia pilau miaka yote hii," akasema. "Namtilia nyama ya mwanzo. Na aje aniambie yeye mwenyewe."

Basi wewe, Hamisi Mwatsuma, sikiliza. Nami nilisema uwongo, na nitasimama kando yako niseme hivyo mbele ya watu wote. Nilikuwa nakula mchana wa Ramadhani. Nilikuwa na siku zangu. Huna tena la kunitishia, nimelisema mwenyewe. Bwana Wafula, popote ulipo, ulizitazama bandeji zangu, na wewe una lako la kujibu. Lakini wewe Hamisi ndiwe uliyebana kufuli, na wewe ndiwe uliyeliokota. Shaabani ijayo njoo Msambweni kama kawaida yako. Mwende atakuwapo. Usikae kwenye mkeka wa mbele na usitusimulie nyuso zinazong'aa. Simama mlangoni pa mama wa watu umwambie ufunguo ulikuwa katika mfuko wa nani wakati mwanawe anaita, na umwambie ulilipeleka wapi lile kufuli.